Reflekta yenye mfuko wa kishikwambi kwa msimamizi wa saiti: pima nini kabla ya kulipa

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mnunuzi wa vifaa kwa mkandarasi wa barabara hapa Tanga. Wasimamizi wetu 14 wamepewa vishikwambi vya kuangalia michoro na kujaza ripoti za siku, vingine vya inchi 8, vingine vya inchi 10, na sasa wanadai reflekta zenye mfuko wa kuvibebea. Muuzaji ameniletea sampuli mbili: moja ya njano, nyingine ya bluu iliyoiva yenye tepe za kuakisi, akasema hiyo ndiyo wanayovaa mabosi. Nichague kwa kigezo gani? Na je, nikinunua za kawaida nikampa fundi cherehani aongeze mfuko, kuna ubaya?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Ya bluu mrudishie mwenyewe. Tepe zake zitamsaidia mvaaji usiku, taa za gari zikimpiga. Lakini kazi ya barabara kwa sehemu kubwa ni ya mchana, na mchana utepe hauna msaada mkubwa. Kinachomtoa mtu machoni mchana ni kitambaa chenyewe, na kwa hilo kiwango cha kimataifa cha EN ISO 20471 kinakubali rangi tatu tu: njano, chungwa-nyekundu na nyekundu, zote za ule mng'ao mkali wa fluoresenti. Bluu, nyeusi, nyeupe na kijani cha jani hazimo. Dereva wa tipa anayerudi nyuma chini ya kivuli cha miembe humwona mvaa reflekta ya bluu kwa kuchelewa, sawasawa na mtu aliyevaa shati tupu. Na huyo msimamizi ndiye anayekatiza katikati ya mitambo huku macho yakiwa kwenye kioo cha kishikwambi. Ukitafuta mtu wa kupewa rangi hafifu pale saiti, yeye awe wa mwisho.

Mkitaka bosi ajulikane kwa mbali, mpeni helmeti ya rangi yake, au kikosi kivae njano na wasimamizi wavae chungwa. Zipo pia reflekta za rangi mbili, juu njano na chini bluu au nyeusi ili zisionyeshe uchafu. Hizo zinaweza kufaa, mradi ujue kwamba kinachohesabiwa ni sehemu ya fluoresenti peke yake.

Sasa daraja, yaani ngazi ya vazi katika kumfanya mtu aonekane. Kizibao kisicho na mikono kinachofaa msimamizi wa barabara ni cha daraja la 2: kitambaa cha fluoresenti kisipungue mita za mraba 0.50 na utepe wa kuakisi usipungue 0.13. Daraja la 1 (0.14 na 0.10) ni la sehemu zenye mwendo mdogo sana, kama ndani ya ghala, usilipeleke barabarani. Daraja la 3 ni 0.80 na 0.20, na kwa kizibao kitupu hulipati: inabidi vazi liwe na mikono, au liunganishwe na suruali yenye tepe. Wasimamizi wanaoshinda pembeni mwa magari ya mwendo kasi, au walio zamu ya usiku, wanastahili hilo la 3, mfuko au hakuna mfuko. Bidhaa ya mfumo wa Marekani itaandikwa ANSI/ISEA 107, Type R, Class 2. Eneo lake ni inchi za mraba 775 za kitambaa na 201 za utepe, ambayo ukiyageuza yanakuja karibu sawa na daraja la 2 la EN ISO.

Hayo yote yasomwe kwenye lebo iliyoshonwa ndani, si kwenye karatasi ya kuning'inia wala mdomoni mwa muuzaji. Lebo halali ina jina la mtengenezaji, namba ya kiwango, kichoro kidogo cha kizibao chenye namba moja ubavuni (hiyo ndiyo daraja), saizi na maelekezo ya kufua. Ukiona namba mbili pembeni ya kichoro na maandishi EN 471, hicho ni kiwango cha zamani kilichoondolewa mwaka 2013, na huenda mzigo umekaa stoo muda mrefu. Ukiona herufi CE (alama ya soko la Ulaya) zimesimama peke yake, bila namba ya kiwango, hujaambiwa chochote.

Kuhusu njano au chungwa, angalia mtu anasimama mbele ya nini. Palipo na tuta la udongo mwekundu, chungwa humezwa na njano hujitokeza. Kwenye majani mabichi na mashamba ya mkonge mambo hugeuka, chungwa ndiyo hukatika vizuri. Mitambo mingi nayo imepakwa njano, kwa hiyo msimamizi wa njano akisimama ubavuni mwa kijiko au greda hupotea kidogo. Kwa barabara inayotoka mjini ikapita vijijini na mashambani, mimi ningewapa wasimamizi chungwa na kikosi njano, na hapo suala la bosi kutambulika linakuwa limejimaliza.

Mfuko: hapa ndipo pesa nyingi hupotea

Mfuko ni mpangaji. Mwenye nyumba ni kitambaa na utepe. Reflekta nyingi zinazouzwa kama "za kishikwambi" zimepindua hilo: mifuko mikubwa ya kitambaa cheusi imebandikwa mbele, na kila sentimita ya cheusi imekula fluoresenti. Piga hesabu. Mfuko mmoja wa sentimita 23 kwa 30 ni mita za mraba 0.069. Miwili ni 0.138. Kama kizibao kilikuwa na fluoresenti 0.60 kabla ya mifuko, kimebaki na 0.46, yaani kimeshuka chini ya daraja la 2 hata kabla hujaandika jina la kampuni mgongoni. Bango la sentimita 30 kwa 10 linaondoa 0.03 nyingine. Mtengenezaji makini huwa ameshatoa maeneo hayo kabla ya kuandika daraja kwenye lebo. Lakini maandishi mtakayopiga chapa nyinyi wenyewe hayamo kwenye hesabu yake. Muulize amebakiza eneo kiasi gani la maandishi, na neno MSIMAMIZI liwe la herufi tupu, lisipigwe juu ya kisanduku cha rangi.

Halafu kuna ugomvi wa mfuko na utepe, ambao picha za matangazo hazikuonyeshi. Utepe lazima uwe na upana usiopungua sentimita 5. Wa chini uwe juu ya upindo kwa sentimita 5 au zaidi, na kati ya utepe na utepe ibaki nafasi ya angalau 5 nyingine. Kwa muundo uliozoeleka wa tepe mbili za kuzunguka kiwiliwili, sentimita 20 za chini tayari zina wenyewe. Mfuko wa nje wenye kina cha sentimita 30 ukianzia karibu na upindo hauna pa kupita ila juu ya tepe zote mbili. Ukiupandisha kifuani, unakutana na tepe za wima zinazopanda mabegani. Ndiyo maana mfuko wa kishikwambi uliofikiriwa vizuri huwa ndani ya kizibao. Kwa nje huoni kitu isipokuwa kitambaa na tepe zisizokatika. Mfuko wa nje wa plastiki angavu, ule wa kusoma kioo bila kukitoa, usiukubali kabisa: plastiki hugeuka manjano kwa jua, hurudisha mng'ao machoni mwa msomaji, na hupika kishikwambi.

Kipimo cha mfuko usikichukue kwenye neno "inchi 10", kwa sababu inchi hizo ni za kioo kutoka pembe hadi pembe, na hazisemi lolote kuhusu kava. Chukua kishikwambi kikiwa ndani ya kava lake la kazini. Zungushia futi ya kitambaa kiunoni mwake, gawa kwa mbili, ongeza sentimita 2: huo ndio upana wa mfuko bapa, kwa ndani. Kina ni urefu wa kishikwambi na sentimita 3 juu yake. Kwa mfano, Samsung Galaxy Tab Active5, cha inchi 8, kina upana wa milimita 126.8, urefu 213.8 na unene 10.1 bila kava la ziada; kinataka mfuko wa sentimita 16 kwa 25. Galaxy Tab A8 cha inchi 10.5 ni milimita 161.9 kwa 246.8, kikivishwa kava nene kinaweza kufika sentimita 18 kwa 27 na unene wa 2, na hapo mfuko unakuwa 22 kwa 30. Mfuko ukiwa mpana kupita kiasi nao ni tatizo: kishikwambi hulala mshazari, pembe moja inabeba uzito wote, na baada ya wiki chache pembe hiyo imetoboa kitambaa.

Uzito ndio hoja yangu kubwa. Kizibao cha polista cha gramu 120 kwa mita ya mraba chenyewe kina uzito wa gramu 200 hivi. Tab Active5 ina gramu 433. Tab Active4 Pro ya inchi 10.1 ina 674. iPad ya inchi 10.9, kizazi cha kumi, ina 477 bila kava, na kava gumu la saiti huongeza gramu mia mbili na zaidi kirahisi. Unatundika mzigo mkubwa mara mbili hadi nne ya nguo yenyewe, tena upande mmoja. Kitakachotokea: bega la upande huo linavutwa, shingo ya kizibao inahama, tepe za kiunoni zinakaa mshazari, zipu inapindana. Mvaaji, ili apumue, anaifungua reflekta yote. Kizibao kilichoachwa wazi kinaonyesha nusu ya kifua, kinapeperuka, na kinanasa kwenye nondo na komeo za mitambo. Mfuko mbaya, basi, haumsumbui msimamizi peke yake. Unafuta kile ulicholipia.

Kwa hiyo geuza kizibao ndani nje uangalie mfuko umetundikwa wapi. Ulioshonwa kwenye kitambaa cha mbele tu, kwa mstari mmoja, haudumu. Unaofaa una mkanda wa nailoni wa milimita 20 hadi 25 unaoanzia kwenye mshono wa bega, ukashuka kandokando ya mfuko, ukapita chini ya kitako chake na kupanda upande wa pili. Uzito unabebwa na mkanda na bega, kitambaa cha mbele kinabaki kimetulia. Pembe za mdomo ziwe na mshono wa kukaza, ule mfupi wa kwenda na kurudi kama ulio kwenye mifuko ya jinzi. Kitako kiwe cha kitambaa mara mbili, na kiwe na vitundu viwili vidogo vya kutolea maji.

Mdomo uwe juu, na kifuniko kinachoshuka angalau sentimita 5. Mifuko mingi ya ndani hufunguka ubavuni, karibu na zipu ya mbele, kwa kuwa ni rahisi kutia mkono. Ni rahisi pia kwa kishikwambi kutoka: msimamizi anainama kuangalia kina cha mtaro, na kioo kinatangulia chini. Wa ubavuni ununue tu kama una zipu yake yenyewe. Vifungo vya sumaku navyo vikatae. Vishikwambi vingi vina kihisi cha kuzima kioo kava linapofungwa, na sumaku ya mfuko hukichanganya. Dira ya ndani nayo hupotoka, na kwa mtu anayetumia ramani kutafuta kigingi cha mpimaji hilo si dogo. Velkro inafaa kwa muda, ila kazi ikipita karibu na mashamba ya mkonge, nyuzi zake huijaza mpaka isishike. Zipu ya plastiki ya meno makubwa, namba 5, ndiyo ninayoipendekeza kwa pwani. Za chuma huota kutu kwa upepo wa chumvi. Kichwa cha zipu kikianza kugoma, paka mshumaa.

Mwenye inchi 8 avae, mwenye inchi 10 abebe kwa namna nyingine

Hapa nitakuwa mkali kidogo. Kizibao cha saizi L kina takriban sentimita 30 za upana kwa kila upande wa mbele. Mfuko wa sentimita 22, ukiongeza nafasi ya zipu, unafika ubavuni. Mvaaji akiketi kwenye pikapu, ukingo wa chini unamchoma pajani na wa juu unamgonga mbavuni. Akipanda ngazi ya greda, kishikwambi kinakuwa kati yake na ngazi. Wenye inchi 10 watavaa siku tatu, halafu mtawaona wamekikumbatia mkononi na mfuko una mashine ya risiti na soda.

Badala ya kuhangaika na nguo, badilishaneni vifaa. Wanaotembea njia nzima wapewe vya inchi 8, wanaokaa na gari au kwenye kontena la ofisi wachukue vya inchi 10. Kama idadi haitoshi, wenye inchi 10 nunulieni reflekta za kawaida za daraja la 2 na mkoba mdogo wa kiunoni. Usiwe wa kukatiza kifua, kwa sababu mkanda wake unalala juu ya utepe. (Vile vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya 2022 vilifundisha watu wengi kazi ya kutembea na kifaa siku nzima, lakini karani wa sensa hakuwa anapishana na tipa.)

Mfuko uwe upande wa kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia, ili mkono uvuke kifua na kukivuta moja kwa moja. Upande wa pili weka daftari na kalamu, kusawazisha. Pawabenki isikae pamoja na kishikwambi, na wala kisichajiwe kikiwa mfukoni. Apple wanaandika kwamba iPad itumike kwenye mazingira ya nyuzi 0 hadi 35 za Selsiasi. Tanga ya Januari na Februari inaigusa hiyo 35 kwa karibu hata kivulini, na ndani ya mfuko uliobanwa na mwili unaotoka jasho huwa imeshapitwa. Kifaa kitajipunguzia mwanga, kitakataa kuchaji, mwisho kitajizima. Wasimamizi watasema kishikwambi kibovu.

Jasho pia lihesabiwe. Upande wa mfuko unaogusa shati uwe wa kitambaa kilichopakwa utando wa kuzuia maji, na upande wa nje uweze kupumua. Mgongo wa kizibao uwe wa wavu wa fluoresenti ukipenda, kwa joto letu ni jambo jema, ila mbele pasiwe wavu: hauwezi kushika mishono ya mfuko. Wakati wa masika usiuamini mfuko wowote kuzuia mvua. Tab Active5 ina kinga ya vumbi na maji ya IP68, lakini kifaa cha kawaida kama Tab A8 hakina, na hicho kiwekwe kwanza kwenye mfuko wa nailoni wa kufunga kwa zipu.

Jambo moja kuhusu kuvaa. Msimamizi anayesoma kioo huweka mikono na kishikwambi mbele ya kifua, kwa hiyo mbele yake panafichika wakati ule ule anapokuwa hana habari. Mgongo ndio unaomlinda. Usikubali mfuko wa mgongoni, wala bango linalokatisha utepe. Kwa kina dada wanaovaa mtandio au hijabu, ncha ziingie ndani ya kizibao, maana zikilala mabegani zinafunika tepe za wima mbele na nyuma. Chukua vipimo vya kifua kila mtu akiwa na shati la kazi, na wapime wakiwa na kishikwambi ndani. Saizi kubwa kupita kiasi huning'inia, na utepe wa kiunoni unaishia mapajani.

Fundi cherehani

Kuna ubaya, na kuna namna ya kuupunguza. Ukishaongeza mfuko, cheti cha mtengenezaji hakiisemei tena nguo hiyo. Kama mteja wenu au mhandisi mshauri anadai vyeti vya vifaa kinga, usiguse. Agiza zilizotengenezwa na mfuko tayari. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa kinga vinavyofaa, na mkaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, akiuliza, kazi ya kueleza hiyo mishono itakuwa yako.

Kama hakuna sharti hilo, mafundi wazuri wapo, na Ngamiani hutakosa wa kukufanyia. Mpe maelekezo ya maandishi. Mfuko uwe wa ndani, wa kuning'inia: ushikwe kwenye mshono wa bega, mshono wa ubavu na ukingo wa zipu, yaani mahali ambapo tayari pana mishono. Sindano isipite kwenye utepe hata mara moja, kwa sababu kila tundu ni mlango wa maji na mwanzo wa kubanduka. Kitambaa cha mfuko kiwe oksfodi nyepesi ya nailoni au polista. Uzi uwe wa polista. Wa pamba huoza kwa jasho na chumvi. Sindano ya namba 90/14, hatua za milimita 3, mistari miwili inayoachana kama milimita 6. Mwambie ashone mmoja kwanza, mkijaze, mtu auvae wiki nzima, ndipo aendelee na mingine. Pasi ya moto asiitumie kulainisha mishono karibu na tepe.

Jaribio la kufanya dukani au ofisini

Omba sampuli mbili, moja uichakaze, nyingine uifunge ndani ya mfuko wake mweusi uiweke kabatini. Hiyo ya kabatini ndiyo itakayokuambia baadaye rangi za wengine zimefifia kiasi gani, kwani macho huzoea kufifia kwa polepole na huwezi kukumbuka rangi ya awali.

Giza likiingia, tundika kizibao ukutani, rudi nyuma hatua kumi au zaidi, shika tochi ya simu pembeni kabisa mwa jicho lako na uimulike. Utepe mzuri unawaka mweupe sawasawa, kingo hadi kingo. Ukishika tochi kiunoni hutaona kitu na utadhani ni feki. Mwanga unarudi ulikotoka, kwa hiyo jicho lazima liwe jirani na taa. Kisha umwagie maji, umulike tena ungali unachuruzika. Utepe wa bei poa hufa hapo hapo. Huo ndio utepe utakaomvisha mtu zamu ya jioni mwezi wa nne.

Halafu tia kishikwambi, funga zipu, mwambie mvaaji ainame kugusa vidole vya miguu mara kumi, apande na kushuka pikapu, akae, anyooshe mikono juu. Angalia kama utepe wa kiunoni bado uko sawa na ardhi. Vuta mfuko kwa mkono kwa nguvu ya kilo mbili tatu na usikilize mishono. Jaribio hili la dakika tano ni afadhali kuliko mwezi mzima wa malalamiko.

Kufua kunaua reflekta nyingi kuliko kazi. Vumbi la saruji na la kokoto likung'utwe likiwa kavu kabla ya maji. Maji yawe ya vuguvugu, sabuni ya kawaida, bila jiki, bila dawa ya kulainisha nguo, bila brashi juu ya utepe, bila kukamua kwa kusokota. Anika kivulini, ndani nje. Mng'ao wa fluoresenti unatokana na rangi hiyo kuugeuza mwanga wa jua usioonekana kuwa unaoonekana, na jua hilo hilo ndilo linaloichosha. Hakuna haja ya kuiongezea saa za kamba. Idadi ya mifuo kwenye lebo, mathalani 25, ni kikomo cha kufua peke yake. Reflekta inayoshinda juani kila siku inaweza kuchoka kabla haijafika huko, na hapo itolewe kazini, isipewe kibarua.

Kwa watu 14 agiza 28 (za wenye inchi 8 ziwe na mfuko, za wenye inchi 10 ziwe za kawaida), kila mtu mbili ili moja ikifuliwa nyingine ivaliwe, na uongeze 4 za akiba katika saizi zinazovaliwa zaidi. Jumla 32. Kwenye oda andika daraja na kiwango, rangi, uzito wa kitambaa usiopungua gramu 120, mgongo wa wavu au la, mfuko wa ndani upande gani, vipimo vya ndani vya mfuko kwa sentimita, mdomo juu wenye kifuniko na zipu ya plastiki, mkanda wa kubebea kutoka begani. Neno "mfuko wa kishikwambi" peke yake linampa muuzaji ruhusa ya kukuletea chochote.

Sehemu tatu hazimo kwenye ununuzi huu. Anayefanya kazi juu akiwa na mkanda wa kuzuia kuanguka anahitaji kizibao chenye tundu la kupitishia pete ya mgongoni, na kishikwambi chake kifungwe kamba au kibaki chini, kwa kuwa kikidondoka kutoka mita kumi kinaua. Kwenye vinu vya kusaga mawe na mikanda ya kusafirishia kokoto huvaliwa kizibao kinachoachia mabegani kikinaswa. Velkro zake haziwezi kubeba kishikwambi, kwa hiyo pale hakuna mfuko. Na penye mvuke wa mafuta, kwenye matangi au saiti kama za Chongoleani linakoishia bomba la kutoka Hoima, fuateni masharti ya mwenye eneo: kishikwambi cha kawaida hakiruhusiwi kwenye ukanda wa hatari ya mlipuko, na polista ya kawaida huyeyuka ikashika ngozi moto ukitokea. Huko huulizwa vazi lisilosambaza moto, la kiwango cha EN ISO 14116 au zaidi.

Mzigo ukifika, usisaini hati ya kupokea kwa kuhesabu maboksi. Fungua moja kutoka kila saizi, soma lebo, pima mfuko kwa futi, tia kishikwambi kimoja cha inchi 8 kikiwa na kava lake na ufunge zipu mpaka mwisho. Isipofungika, mzigo urudi na gari lililouleta.